Msaada: aurora na wanyama Yellowknife, niende mwezi gani na nijiandaeje?

mpigapicha_edm:

Habari za saa hizi wakuu, poleni na majukumu. Naomba msaada kwa mlioko Kanada hasa huko juu. Mimi niko Edmonton, kazi zangu ni za zamu, likizo nikipata ni wiki moja na nataka niitumie kwenda Yellowknife, usiku nipige aurora (ile mianga ya rangi inayocheza angani) na mchana nitafute wanyama, hasa wale baisoni wa porini na mbweha. Nitaendesha mwenyewe maana nataka uhuru wa kusimama ninapopenda. Kamera ninayo nzuri tu, fremu kamili, lenzi ni 24-70 ya f/2.8 na 150-600 kwa ajili ya wanyama, tripodi ipo. Nimezoea kupiga harusi na mpira, anga la usiku sijawahi kabisa.

Sasa niende mwezi gani nipate vyote viwili, maana kila ninayemuuliza ananitajia mwezi wake? Baridi ya huko kamera inahimili kweli au itanizimikia porini? Na la mwisho ndilo linaninyima usingizi, kuna namna ya kumpata mnyama na aurora kwenye picha moja, picha ya kweli siyo ya kuunganisha kwenye kompyuta? Nimeshaiona kichwani hiyo picha, baisoni amesimama na anga la kijani nyuma yake, nataka nijue kama inawezekana kabla sijalipia chochote.

mkazi_wa_62:

Karibu sana mkuu, mimi ndiyo naishi Yellowknife, kamera inalala kwenye gari. Nianze na mwezi wa kuja kwa sababu ndiyo unaoamua mengine yote.

Juni na Julai sahau, usiku hauingii giza, aurora inaweza kuwepo juu na usiione. Giza linarudi katikati ya Agosti na msimu unakwenda mpaka katikati ya Aprili, lakini humo ndani kuna kipindi kibaya, Oktoba kuingia Novemba, maziwa hayajaganda bado na hewa ya baridi inapita juu ya maji yenye ujoto kidogo, mawingu yanatanda siku baada ya siku, watu wanatoka mbali wanalipa hoteli na wanaondoka hawajaona hata nyota. Kwa hiyo yamebaki machaguo mawili ya maana, Septemba au Machi. Miezi yote miwili ina ile siku usiku na mchana vinalingana, na karibu na siku hizo uga wa sumaku wa dunia unaungana kwa urahisi zaidi na ule unaokuja na upepo wa jua, ndiyo maana aurora kali zinatokea mara nyingi zaidi kipindi hicho.

Machi kuna theluji, anga mara nyingi ni safi, lakini usiku unaweza ukakutana na nyuzi 30 chini ya sifuri. Septemba maji yako wazi na aurora inajirudia yote kwenye ziwa, majani ya miti ya betula (birch) yamegeuka njano, usiku unacheza juu kidogo ya sifuri tu, barabara kavu na dubu hawajaingia kulala. Kwa mtu wa mara ya kwanza anayetaka na wanyama mimi nasema Septemba, tena wiki mbili tatu za mwanzo, ukichelewa sana majani yanapukutika na mawingu yanaanza. Angalia pia kalenda ya mwezi wa angani. Watu wengi wanakimbilia giza totoro, mimi napenda mwezi wa robo au nusu, unamulika miti na mawe vizuri na rangi za juu hazipotei. Mwezi mpevu ndiyo unafuta zile aurora hafifu.

Kingine usibabaishwe na programu za simu zinazokwambia leo Kp (kipimo cha msukosuko wa sumaku ya dunia) ni 2 kalale. Namba hizo zina maana kwa nyie wa Edmonton mnaosubiri aurora ishuke kusini. Yellowknife iko nyuzi 62 na nusu kaskazini, karibu chini kabisa ya ule mduara wa aurora, Kp 1 na anga safi inakutosha. Kwanza angalia mawingu, halafu angalia Bz, namba ya kama sumaku ya upepo wa jua imeelekea kaskazini au kusini, ikishuka chini ya sifuri na kubaki huko, toka nje. Mara nyingi inaanza na utepe mmoja wa kijani umetulia upande wa kaskazini au mashariki, unaweza kukaa hivyo saa nzima na watu wasiojua wanapiga picha mbili wanaondoka. Subiri. Utepe ukianza kung'aa upande mmoja na chini yake ukapata ukingo wa waridi ujue unapasuka muda si mrefu, na ukipasuka anga lote linacheza dakika kadhaa, kichwani kwako mistari inakutana sehemu moja kama mbavu za mwavuli. Ile kijani ni oksijeni kwenye kilomita mia na kitu juu, nyekundu ya juu ni oksijeni pia lakini zaidi ya kilomita 200, na huo ukingo wa waridi wa chini ni naitrojeni.

Kwenye mipangilio ya kamera usiweke kitu kimoja ukalala nacho. Utepe ukiwa umetulia, f/2.8, ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) 1600 mpaka 3200, sekunde 6 mpaka 10. Ukianza kucheza shusha mpaka sekunde 1 au 2 na pandisha ISO kama inahitajika, ukibaki kwenye sekunde 10 mistari yote inayeyuka inakuwa uji wa kijani. Piga RAW, faili ghafi. Mizani ya rangi nyeupe (white balance) weka kelvini 3500 hadi 4000 usiache otomatiki. Kile kioo cha kulinda lenzi, kitoe. Nasisitiza kitoe, maana mwanga wa kijani wa aurora ni wa wimbi moja na kioo bapa kinatengeneza miduara miduara katikati ya picha ambayo kwenye skrini ndogo huioni, unakuja kuiona nyumbani na haifutiki.

dereva_wa_zamani:

Mdogo wangu hapo juu kakueleza vizuri anga, acha mimi nimalizie upande wa wanyama na njia. Nilikuwa dereva wa watalii Arusha miaka mingi, sasa niko Fort Smith, na kazi ya kumsubiri mnyama huku ni ileile ya Serengeti, zima injini, shusha sauti, kaa. Anayekimbiza mnyama na gari anapata picha za makalio.

Toka Edmonton mpaka Yellowknife ni karibu kilomita 1,450, igawe siku mbili. Ukivuka mto Mackenzie kwenye daraja la Deh Cho, lile lililofunguliwa 2012, unapita pembeni mwa Fort Providence na mbele yake ndipo hifadhi ya baisoni ya Mackenzie inapoanza. Wale baisoni unaowaona pale ni kizazi cha wanyama 18 waliopelekwa mwaka 1963. Jaza mafuta kabla ya kuingia kipande hicho maana mpaka Behchokǫ̀ ni karibu kilomita 200 hakuna kituo, mtandao wa simu nao hakuna. Na tafadhali sana kipande hicho kipite mchana. Baisoni ni mweusi, anatembea kichwa kimeinama, macho yake hayakurudishii taa kama swala, unamjua yupo pale unapomfikia, na dume anakaribia tani nzima.

Umbali wa kukaa, Parks Canada, idara ya hifadhi za taifa, wanasema mita 100 kwa dubu na mbwa mwitu, mimi kwa baisoni nakaa mita 100 hizohizo na gari lenyewe ndiyo maficho yangu. Tazama mkia. Mkia ukining'inia unapepea nzi, yuko sawa. Mkia ukisimama juu, ondoka, tena ondoka taratibu bila kupiga honi. Dume la Agosti usilisogelee hata na lenzi refu maana ni msimu wa kupandana, Septemba wanaanza kupoa.

Jambo ambalo wapiga picha wageni wanalalamika kila siku, eti lenzi yangu ya 600 haitoi picha kali huku kaskazini. Lenzi haina tatizo. Hita ya gari ndiyo inayoharibu. Ndani kuna joto, nje baridi, ukishusha kioo hewa ya moto inatoka inapita mbele ya lenzi na picha yote inatetemeka, hata ISO iwe nzuri na shata 1/2000 haisaidii. Ukiwa unamtafuta mnyama endesha hita imezimwa na vioo vimeshushwa kidogo, vaa nguo, ndani na nje viwe sawa. Na kwenye theluji kamera itakudanganya, itaona weupe mwingi na kutia giza picha, mnyama anakuwa kijivu, ongeza mwanga hatua moja au moja na nusu.

Kama unaweza kupanga njia upya, fikiria hifadhi ya taifa ya Wood Buffalo, huku kwangu Fort Smith, badala ya Yellowknife, au siku mbili tatu huku na zilizobaki kule. Hifadhi hii ni kilomita za mraba 44,807, inaizidi Uswisi nzima, na mwaka 2013 ilitangazwa rasmi eneo la kulinda giza la usiku na chama cha wanaastronomia cha Kanada. Baisoni wapo njiani barabara namba 5 ya kuja Fort Smith, na ndani kuna Salt Plains, uwanda mweupe wa chumvi inayotoka ardhini. Ukishuka pale asubuhi tope la chumvi limeandika kila kitu kilichopita usiku, kwato za baisoni, kando yake mguu wa mbwa mwitu kucha zinaonekana moja moja, wakati mwingine dubu. Piga na hizo nyayo, lenzi yako ya 24 iinamishe chini kabisa jua likiwa la ubavuni. Watu wanazipita kwa sababu wanatafuta mnyama mzima.

Kuhusu mbweha, Yellowknife watawasogelea wenyewe mpaka karibu na nyumba. Usimpe hata kipande cha mkate. Akishazoea watu mwisho wake ni kugongwa barabarani au kuuawa kama kero, na aliyemlisha kwa ajili ya picha ameshasafiri zamani.

mwana_kivu_wpg:

Ndugu zangu salamu, mimi niko Winnipeg, mutu wa Bukavu. Kama unapenda dubu mweupe basi ni Churchill, lakini ujue kule barabara hakuna, ni ndege ama treni ya kama siku mbili kutoka huku Winnipeg. Na usichanganye misimu, watu wengi wanaenda Oktoba na Novemba juu dubu wanasubiri ghuba ya Hudson igande, na ni kweli utawaona, lakini wakati huo mawingu ni mengi sana na anga utalipata kwa bahati. Aurora ya Churchill ni Februari na Machi, na wakati huo dubu wengi wako mbali kwenye barafu. Kwa hiyo ile ndoto ya vyote viwili kwa wiki moja, kule ni ngumu kuliko Yellowknife.

Tena usiku hautembei peke yako na tripodi pale, dubu anaingia mpaka mjini, watu wanaacha milango ya magari bila kuifunga na ufunguo ili mwingine apate pa kukimbilia. Nenda na watu wenye gari maalumu na mlinzi. Ni bei, nakwambia wazi, lakini hakuna njia ya rahisi iliyo salama.

Kuhusu baridi, mimi ninapiga Februari huku kwetu na kamera haijanikatalia. Betri ndizo zinakufa. Kuwa na tatu ao ine, zikae mfuko wa ndani karibu na mwili, ile inayosema imeisha usiitupe, ipashe moto kifuani na itarudia kufanya kazi kidogo. Usipumulie nyuma ya kamera, pumzi inaganda pale pale kwenye kioo cha kuangalilia. Funga vile vipakiti vya kupasha mikono kwenye lenzi na mpira, vinazuia ukungu wa barafu mbele ya kioo.

Ile hatari kubwa ni kurudi ndani. Ukiingiza kamera ya baridi kwenye nyumba ya moto, maji yanatokea kila mahali, nje na ndani ya lenzi. Ukiwa bado nje toa kadi yako ya picha, kisha weka kamera ndani ya mfuko wa plastiki, funga kabisa bila hewa kupita, ndipo uingie nayo, na uiache humo mpaka asubuhi hata kama roho inataka kuangalia picha. Maji yatakaa juu ya plastiki.

mpigapicha_edm:

Asanteni sana wakuu, nimesoma mara mbili mbili na nimeshaamua ni Septemba, nitapitia Fort Smith kwanza kisha Yellowknife. Hapo kwenye fokasi nimebaki na swali, usiku lenzi yangu haishiki kitu chochote, naizungusha mpaka mwisho kwenye alama ya umbali usio na kikomo au vipi? Na ile picha yangu ya baisoni na aurora bado hakuna aliyeigusa, au ndiyo mnanihurumia?

mkazi_wa_62:

Nilikuwa naiachia mwisho mkuu, siyo huruma.

Fokasi kwanza, usizungushe mpaka mwisho, lenzi za kisasa zinapita ule mwisho na nyota zinakuwa vidoti vinene. Toa otomatiki, tafuta nyota kali, Septemba jioni Vega iko juu, tumia skrini ikuze mara kumi, zungusha taratibu mpaka nyota iwe ndogo kabisa, halafu bandika utepe wa gundi kwenye lenzi isisogee. Ila fanya hivyo lenzi ikiwa imekaa nje kama nusu saa, maana inaposhuka joto fokasi inasogea, na rudia kuangalia kila baada ya muda. Kutuliza mtikisiko kwenye lenzi kuzime ukiwa kwenye tripodi.

Sasa baisoni wako. Inawezekana, na ngoja nikwambie ugumu uko wapi. Fokasi haina shida, ukiwa na milimita 35 kwenye f/2.8 kila kitu kuanzia kama mita 15 mpaka nyota kinaweza kuwa wazi kwa pamoja, kwa hiyo mnyama wa mita 100 yuko ndani. Shida ya kwanza ni kwamba kwa umbali huo salama na lenzi hiyo baisoni mzima hachukui hata sehemu ya kumi ya upana wa picha. Kubali hilo toka mwanzo, picha yako ni ya nchi kubwa na mnyama ndani yake, na mimi naona ndiyo nzuri zaidi. Shida ya pili ni mwanga. Usiku wa giza unahitaji sekunde kadhaa, na mnyama hata akisimama anatikisa kichwa, anakuwa kivuli chenye ukungu. Kumulika na tochi au flashi usithubutu, unampofua na anaweza kukurukia au kukimbilia barabarani.

Dawa yake ni saa ya magharibi. Huku juu jua linazama kwa mshazari na mwanga wa jioni unachelewa sana kuisha, tofauti na kwetu ambako likizama tu ni giza. Kuna muda Septemba anga bado ni la bluu nzito, ardhi ina mwanga kidogo, na aurora kali inaanza kuonekana juu. Hapo kwa ISO 6400 unaweza kufanya kazi na nusu sekunde au hata robo. Mtafute mnyama mapema jua halijazama, mchague aliyelala anacheua maana huyo hatikisiki sana, gari lisimame mahali pa wazi na salama nje ya barabara upande ambao yeye yuko kaskazini au mashariki yako, kisha usisogee tena. Usiku wa mwezi wa nusu nao unasaidia ukikosa magharibi. Usiku mwingi vyote havitakutana, mara mnyama yupo na aurora imechelewa, mara aurora imewaka na wao wameingia msituni. Ndiyo maana za kweli ni chache.

dereva_wa_zamani:

Na kuhusu za kuunganisha kwenye kompyuta, kila mtu na kazi yake lakini andika wazi kwamba umeunganisha. Mashindano makubwa kama Wildlife Photographer of the Year ya Natural History Museum ya London hayapokei picha za kuunganisha mnyama wa picha moja na anga la nyingine. Kuna picha ilishinda mwaka 2017, ya usiku huko Brazil, mnyama mla mchwa anasogelea kichuguu kinachong'aa na nyota ziko juu, nzuri ya kutisha, na mwaka 2018 wakaifuta baada ya wataalamu kusema mnyama yule ni wa kukaushwa, anafanana kila unyoya na aliyewekwa kwenye geti la hifadhi. Mpigaji alikataa mpaka mwisho ila ushindi ulikwenda. Mimi nilipoisikia habari hiyo iliniuma, maana wapo watu wanaolala porini wiki nzima kusubiri mnyama aliye hai, na picha kama ile inawaondolea watu imani hata na zao. Kwa hiyo umefanya la maana kuuliza ya kweli, endelea hivyohivyo.

mwana_kivu_wpg:

Neno moja dogo kwa safari, funika taa ndogo ya kamera na skrini punguza mwanga mpaka chini, na taa ya kichwa iwe nyekundu. Macho yanachukua kama nusu saa kuzoea giza na simu moja inaharibu yote, yako na ya wengine waliosimama pale ziwani.

mpigapicha_edm:

Nimeelewa wakuu, nashukuru mno. Nimeshapata gari lenye tairi nzuri, hoteli ya Fort Smith naipigia kesho. @mkazi_wa_62 ukiniambia ni ziwa gani la kusimama usiku wa kwanza Yellowknife nitakuwa nimemaliza maswali.

mkazi_wa_62:

Chukua Ingraham Trail, barabara namba 4, inatoka mjini kwenda mashariki na inaishia Tibbitt Lake kama kilomita 70. Usiende mwisho siku ya kwanza, simama Prelude Lake, kuna sehemu ya kuegesha na mwamba wa kupanda, unaona kaskazini yote na maji yako chini yako. Fika bado kuna mwanga ujue pa kukanyaga, mwamba wenye umande unateleza, na dawa ya kupulizia dubu iwe mkononi siyo kwenye begi. Ukifika mjini nitumie ujumbe, kama sina zamu tunakwenda wote.